Wilibaro ya Andeyo

Nilikuja kuleta wilibaro tu.
Nilimwambia Kageha hivyo, pale mlangoni:
chukueni, mkimaliza mrudishe,
mimi na kanisa lenu hatujuani.
Akasema sawa. Akasema, ila gurudumu linavuta kushoto,
nani ataliweza zaidi yako?

Basi nikajikuta juu ya kilima saa moja asubuhi,
ukungu bado umelalia majani chai,
na watu wamejaa kama siku ya matanga
ila hakuna anayelia.

Imali na wenzake wa machimboni
walikuwa wakivunja kokoto tangu Januari,
debe moja kila mtu kila juma, bila malipo,
hao ambao kokoto ndiyo unga wao, ndiyo karo.
Ukiviona vidole vyao hutauliza sadaka ni nini.
Vijana wa bodaboda walisomba maji,
mtungi mbele, mtungi nyuma,
na fundi Osundwa, Mwislamu wa Mumias,
aliyekuja kwa kuwa Mmbone alimuuguza mamake,
alisimama katikati akifoka:
"Simiti moja! Mchanga mbili! Kokoto nne!
Nani ameongeza maji? Mnapika uji?"

Sakafu ni kazi ya siku moja.
Ukiikata leo uje uimalizie kesho,
pale ulipokata ndipo itakapopasuka.
Nasi wa Maragoli tunaijua mvua yetu:
saa tisa, na haipigi hodi.

Sasa nikwambie habari za wilibaro.
Aliiunda ndugu yangu Andeyo
kwa bati la pipa la lami, mikono ya mkaratusi,
gurudumu la pikipiki iliyokufa.
Alikuwa na vidole vya dhahabu na koo la mchanga.
Alipofariki, kanisa la udongo likakaa kikao
na Mzee Lugalia akatusomea karatasi:
marehemu alikuwa mlevi,
kengele haitapigwa.
Tulimzika wenyewe, Jumanne, kwa majembe yetu.
Miaka kumi na mmoja sijakanyaga.

Saa sita mgongo wangu ulikataa.
Nikaketi juu ya mifuko mitupu.
Nilipoinua macho, Lugalia ndiye aliyeishika,
Lugalia wa bakora, Lugalia wa miwani,
amekunja suruali, magoti kama viazi vikuu,
anapanda ubao, anashuka ubao,
na gurudumu linamvuta kushoto, linamvuta kushoto,
naye anajifunza kuegemea.

Safari ya nne akasimama mbele yangu, anahema.
"Chombo hiki chepesi. Nani alikiunda?"
Nikasema: Andeyo.

Koleo la mtu likakwaruza jiwe.
Akaitazama mikono ya mkaratusi,
pale viganja vya ndugu yangu vilipoilainisha.
Nikangoja neno. Miaka kumi na mmoja
nimekuwa nikilitungia jibu.
Akasema, "Jaza."
Nikainuka. Nikajaza.

Mvua ilitukuta tumebakiza upana wa mkeka.
Imali akavua leso, Kageha akavua leso,
turubai la matanga likaja mbio kwa miguu minane,
na Osundwa kapiga magoti kwenye kona ya mwisho,
anasawazisha kwa ubao, maji yanamtiririka ndevuni.
Sikumsikia mtu akiomba.
Niliwasikia wakisema: vuta huku, shika hapo, bado kidogo.

Jioni nikauliza kesho kuna kazi gani.
Osundwa akacheka. "Kuinywesha!
Asubuhi na jioni, siku saba.
Simiti isipokunywa haikomai, mzee. Huwa vumbi."
Lugalia akavua miwani,
akaisugua kwa shati lililolowa,
akaisugua tena.

Mimi nilicheka peke yangu njia nzima ya kushuka,
mikono mitupu.
Wilibaro niliiacha kule juu, nimeifudikiza
isijae maji.