Pini na Nyundo

Ulan Bator, Februari. Kioo cha dirisha kimeota barafu kwa ndani.
Daktari Nyamsuren ameshika pini.
Hapa? Begani, nahisi.
Hapa? Chini ya ziwa, nahisi.
Kufika kitovuni, pini ikawa bubu.

Sodnom hakulia. Aliuliza tu
nani anamlisha farasi wake.

Daktari akamchorea nyuma ya karatasi ya dawa:
ugwe mmoja, unene wa kidole chako cha mwisho,
umelala ndani ya pingili, umezungukwa na maji;
ukiukata, katikati pana kipepeo wa kijivu.
Upande wa mgongo huingia habari: baridi, mwiba, kiganja cha mtu.
Upande wa tumbo hutoka amri.
"Nao haufiki chini. Kiunoni unakoma,
unachambuka nyuzi nyuzi.
Sisi twauita mkia wa farasi."

Sodnom akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke Novemba.
"Kumbe amenifuata hadi humu."

Kisha nyundo ndogo, chini ya goti.
Mguu ukaruka.

Dulmaa, mama yake, akaangusha chupa ya chai:
"Umerudi! Mguu umerudi!"

Nani atamwambia?
Chai ya maziwa inatambaa sakafuni na chumvi yake.
Ugwe umejibu wenyewe, mama,
haukupanda kichwani kuuliza.
Umebisha hodi, mlango umeitika,
mwenye nyumba hana habari.

Nyamsuren akachukua tambara, akainama, akapangusa.
Palipokauka
akaendelea kupangusa.