Ukoo wa Surua

Ndugu yangu Oreste hapigi simu. Hutuma picha.
Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Oktoba, miavuli imeshafungwa,
picha ikaingia: mchanga, taulo la buluu la hoteli,
na chini ya taulo mgongo unaong'aa kama sufuria lililosuguliwa.
Akaandika neno moja: Anapumua.

Nilipofika Marina di Bibbona alikuwa hapumui tena.
Oreste kapiga magoti majini, suruali imelowa hadi kiunoni,
kiganja bado kiko ubavuni mwa mnyama
kama mtu aliyeshika mlango usijifunge.

Huku kwetu maji hayapwi wala hayajai kiasi cha kumsaliti mtu.
Huyu hakuachwa na bahari. Aliiacha.
Kuuliza kwa nini ndiyo kazi inayonilisha.

Tukampima chini ya misonobari:
mita moja na sentimita themanini na saba. Dume.
Mbavu zinahesabika.
Tumboni midomo ya ngisi, migumu kama kucha, basi.
Fiammetta, mwanafunzi wangu, anafuta machozi kwa kiwiko
maana glavu zimeshachafuka.
Pafu, kipande. Wengu, kipande. Tezi, kipande.
Kisha msumeno, na fuvu,
na ubongo wenye mikunjo mingi
kuliko huu wangu unaoukata.

Oreste ananiuliza kwa mikono: Nani kamuua?
Namjibu kwa vidole vyenye damu: Sijui bado.
Nilikuwa nakisia. Sikumwambia.

Siku nne maabara ilikizidisha kisichoonekana
mpaka kikaonekana.
Pafu: hasi.
Wengu: hasi.
Tezi: hasi.
Ubongo: chanya.
Mgeni alikuwa ameshahama vyumba vyote vya nyumba ile,
akabaki darini peke yake, akichezea nyaya.

Namjua ukoo wake.
Kuna sotoka, iliyofyeka ng'ombe mpaka wenyewe wakakosa cha kuchinja;
kuna yule anayewatetemesha mbwa;
kuna surua; na kuna huyu wa majini.
Mabinamu. Wamegawana malisho, hawagombani.

Mwaka wa sabini na tatu surua iliingia nyumbani kwetu Cecina.
Mama alifunga madirisha, akatundika shuka jekundu.
Mimi nilitoka na madoa, yakafutika, nikarudi shule.
Oreste, miaka mitatu, alitoka na ukimya.
Wiki nzima Mama aligonga vifuniko vya sufuria nyuma ya kisogo chake,
taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa hasira,
akisubiri ageuke.

Pomboo huona kwa sikio.
Hutupa sauti gizani, nayo humrudia na habari:
hapa samaki, hapa mwamba, hapa mwenzako.
Sijui ilimrudia vipi usiku ule.
Huenda ilirudi imevunjika. Huenda haikurudi,
naye akaogelea kuifuata mpaka maji yakaisha.
Ripoti haina nafasi ya sentensi hii.
Nimeiandika, nimeifuta.

Jumapili nilimpelekea Oreste karatasi.
Aliisoma yote, hata namba ya mashine.
Akagusa sikio lake, akagusa karatasi, akanyanyua nyusi.
Nikatikisa kichwa: Si yule. Jamaa yake.

Akacheka kile kicheko chake asichokijua mlio,
akasema kwa mikono: Kumbe nilimfunika mwenzangu.
Akatulia, akitazama viti vilivyopangwa ghalani.
Kisha akauliza taulo liko wapi, maana hoteli inamdai.

Nimelichoma, pamoja na glavu.

Euro kumi na mbili, akaonyesha kwa vidole, bila huruma.
Nikampa ishirini.
Hakurudisha chenji.