Malipo ni kwa Futi

Masakhwe yuko chini, mimi nimeshika kamba.
Tunachimba choo cha Nyina wa Gathoni,
ploti ya pili kutoka barabarani, Kaptembwo.
Malipo ni kwa futi.
Ndoo za kwanza, kabla ya chai: udongo mweusi,
karatasi za nailoni, slipa ya mtoto, ya kushoto,
kifuniko cha soda iliyoacha kuuzwa nikiwa darasa la tano.
Hilo ndilo tabaka letu. Halifiki magotini.

Kisha ndoo zikaja nyepesi, nikadhani ananichezea.
Kumbe ni yale mawe ya matundu, ya kusugulia visigino,
yanayoelea ukiyatia majini
kama hayajakubali kwamba yameshatua.
"Menengai hiyo," akaniita kutoka chini,
kama mtu anayemtaja jirani mkorofi.

Futi ya tisa, jivu.
Ya kumi, jivu. Ya kumi na moja, jivu,
rangi ya mgongo wa punda,
sururu inazama kama kijiko katika uji uliopoa.
"Hii ni siku moja," akasema. "Labda mbili.
Lilinyesha tu, likakaa."
Futi tatu, siku moja.
Nyina wa Gathoni hakufurahi kuzilipia.

Chini ya jivu, mstari.
Mweusi, mwembamba kama uchafu wa kucha.
Akaomba tochi. Akaupitishia kidole bila kuuvunja.
Hizi ni nyasi, akasema. Ziliota, zikafa, zikaota.
Swala wakala. Mvua ikaja kwa wakati wake.
Miaka mia tano, pengine elfu, nani alihesabu?
Hakuna kilichotokea.

Nilishika kamba, nisiseme kitu.
Nilikuwa nahesabu yetu:
Januari ile moja, bati likijikunja motoni kama jani la mgomba,
siku tisa chini ya turubai la watu.
Tukiulizwa habari zetu tunaanzia hapo, na hapo tunalala.
Miaka yote iliyofuata,
chai, kodi, kikohozi cha Nafula, maharagwe yasiyoiva,
ukiikunja pamoja inaingia chini ya kucha.

Futi ya ishirini na sita ikatoka nyeupe.
Unga, nikasema.
Tope la ziwa, akasema, lile ziwa lilipokuwa likilala huku,
kabla halijajivuta kule wanakosimama heroe.
Ndani yake mwiba wa samaki, mwembamba kuliko sindano.
Akaufunga ndani ya risiti ya simenti.

Nyina wa Gathoni alikuja na futikamba yake,
akapima, akapunguza futi moja.
Tulibishana mpaka adhana. Akapunguza nusu.

Usiku niliroweka ovaroli katika beseni.
Asubuhi maji yalikuwa yametulia:
mchanga mweusi chini, jivu katikati,
juu yake weupe kama utando wa maziwa,
na vijiwe viwili vya Menengai
vikielea bado.
Nilisimama hapo hadi chai ikafurika jikoni.
Kisha nikamwaga, nikasuuza beseni.