Kontroli, Shifti, C

Kutaisi, saa tisa usiku, idara ya maji.
Chumba cha seva kinavuma kama friji la bucha.
Mita elfu themanini za mji mzima
zinahama toka mashine kuukuu kwenda mpya,
mstari kwa mstari,
tangu jana saa kumi na mbili jioni.

Mimi Gocha, wiki yangu ya tatu kazini,
nikaona jina la mtaa limeandikwa kombo,
nikataka kulinakili nimwoneshe Tsiala.
Nikalipaka rangi kwa kipanya.
Vidole vikaenda kwa mazoea,
vile vile vilivyozoea insha, maombi ya kazi,
salamu za mwaka mpya kwa shangazi:
Kontroli na C.

Dirisha likajibu kwa C iliyotanguliwa na kofia.
Basi.
Mistari ikaacha kuteremka.
Kishale kikapepesa kwenye uwanja mtupu
kama mtu aliyeulizwa jina la mkwewe akalisahau.

Saa tisa za kazi.

Tsiala hakufoka. Heri angefoka.
Aliweka chini kipande chake cha hachapuri,
akafuta siagi kwenye sketi, akasema:
"Huku C si ya kunakili. Huku C ni ya kukoma.
Ilikuwa ya kukoma wewe hujazaliwa.
Ukienda kwa watu, uliza kwanza
hodi yao hupigwaje.
Ukitaka kunakili, ongeza Shifti.
Kubandika, Shifti vilevile, na V.
Au paka rangi tu, kisha bonyeza gurudumu la kipanya:
kilichopakwa kimekwisha chukuliwa."

Nikauliza, kinachukuliwa kinawekwa wapi?

"Una mifuko miwili, wa shati na wa suruali,
na haijuani.
Ndiyo maana Jumanne ulibandika
nenosiri la mkurugenzi
mahali pa anwani ya mteja."

Nami nilidhani hakuona.

Babake alikuwa mpanga chapa,
alipanga herufi za risasi, moja moja,
kinyumenyume, zenye baridi asubuhi.
Neno lilikuwa na uzito, alisema,
ukikosea unalisikia kiganjani.
"Haya yetu hayana uzito, ndiyo taabu yake.
Unabeba mistari mia kama aliyebeba pumzi,
hujui mkiani mwa wa mwisho
kuna Ingiza iliyojificha,
na amri haikungoji useme ndiyo:
ikitua tu, imetenda."

Kwa hiyo kila anachobandika
hukiweka kwanza kwenye faili tupu, akakikagua.
Huzitoa nukuu zilizojikunja
zilizotoka kwenye waraka wa ofisi zikiwa zimevaa shanga,
anaweka zilizonyooka.
Hukata ule mkia.
Ndipo anabandika, na kidole kinasimama
juu ya Ingiza kwa muda wa kumeza mate.

Akanionesha pia Kontroli na W, kula neno moja nyuma;
U, kula yote hadi mwanzo;
na Y, kutapika ulichokula, kizima,
hata baada ya kwenda kuulizia jambo jingine.
Hiyo Y niliipenda. Niliichezea
mpaka akanipiga kofi la mgongo.

Tulianza upya. Si mwanzo kabisa:
alikuwa ameiambia kazi iweke alama
kila mistari elfu moja.
Hakunieleza mapema. Nadhani aliniacha
nisikie uzito kwanza.

Mchana, chumbani kwangu, macho mekundu,
nikawa namwandikia mama barua pepe.
Nikapaka sentensi moja rangi niihamishe chini,
vidole vikaenda kwa mazoea mapya:
Kontroli, Shifti, C.

Ukurasa ukapasuka upande,
ukanionesha mbavu zake, utumbo wake,
mabano na rangi na vipimo,
na katikati, kwenye kifungu kidogo chenye mwanga,
*mama, kazi inaendelea vizuri*.

Nikakaa nikacheka peke yangu,
mkono wangu mgeni kote kuwili.