Hesabu za Karani

Tulimwita Karani kwa namna alivyosimama
kwa miguu miwili, mikono kifuani,
akikagua spoku na mipira ya baiskeli
kwenye karakana yangu, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nguchiro. Ngamiani nzima ilicheka:
mtu na akili zake anafuga mwizi wa vifaranga!

Siku nne hakugusa yai.
Mkojo ukaja na damu.
Nikamfunga kikapuni, nyuma ya baiskeli,
hadi kwa Daktari Semboja, Chumbageni,
aliyezoea ng'ombe na mbuzi.
"Figo," akasema. Akaandika.
Kipimo, elfu kumi na tano. Dripu.
Sindano saba, kila moja elfu sita.

Nikauza pampu kubwa. Nikauza fremu
niliyokuwa namwekea mwanangu.
Mwanakombo hakusema kitu;
alizifunga zilizobaki kwenye pindo la kanga,
kisha akazifungua tena.
"Haya, sindano ya tano hiyo."

Shemeji Mdoe kaniuliza: hivi mnyama wa porini
anajua kuwa unadaiwa kwa ajili yake?
Sikumjibu. Sijui.

Usiku nampa maji kwa bomba la sindano,
tone,
tone,
na moyo wake unagonga kiganjani mwangu
kama mnyororo ulioruka gia.

Leo alfajiri kasimama. Kitambo kidogo tu,
mikono kifuani, akiyumba.
Akaitazama risiti niliyoibandika ukutani.
Akalala.

Deni bado elfu thelathini na mbili.
Sindano bado moja.