Kifuniko

Otia amerudi Novemba,
miezi saba baada ya siku niliyomwambia: wiki mbili.
Ana udongo hadi kwenye viwiko.
Anasema, "Daktari, jino lako limeoza."

Jino langu. Haya.
Nilikaa nalo saa mbili na nusu mwezi wa nne,
mifereji mitatu, na wa nne uliojificha nyuma ya wenzake
kama mtoto asiyetaka kupigwa picha.
Nikaisafisha, nikaikausha, nikaijaza utomvu wa mpira
hadi nusu milimita kabla ya ncha.
Picha yake bado ninayo: mistari minne myeupe,
ungeweza kuitundika ukutani.

Juu yake niliweka simenti ya muda.
Ya muda, Otia. Nilitamka polepole.
Akacheka, akaenda zake;
zikaja zabibu za shemeji, ikaja harusi ya Gurjaani,
kisha tanuri likapasuka,
na jino halikuuma.
Jino lililokufa halipigi hodi.

Sasa nachungulia. Ukingoni mwa simenti pana ufa,
mwembamba, uzi wa buibui ungekwama.
Mate hayakukwama.
Mate hayana haraka, hayana sikukuu;
yalishuka na abiria wake wadogo
yakaipita kazi yangu nzuri
kama nyumba isiyo na komeo,
mpaka mfupani. Wakajenga.

Nataka kumkaripia. Badala yake nauliza:
mtungi mkubwa, ule wa kufukiwa ardhini na mvinyo ndani,
ukiufinyanga miezi mitatu bila kasoro,
ukaupaka nta ya nyuki, ukaujaza,
halafu ukaufunika kwa gazeti?

Ananyamaza. Nje, Telavi inanuka moshi wa majani.
Mkono wake unapanda shavuni.
"Siki," anasema. "Hata kabla ya Krismasi."
Kisha, kwa sauti ya fundi aliyesingiziwa:
"Na watu wangesema mtungi ndio mbaya."

Navaa glavu. Natandaza mpira wa buluu,
jino peke yake lachungulia, kisiwa kidogo cha njano.
Tunaanza upya, mfereji wa kwanza.
Leo kila tundu litapata kizibo chake,
na juu ya vizibo ujazo mgumu, wa kudumu,
kabla hajainuka kitini.

Mezani, Guliko anaandika tarehe ya taji
na namba ya simu:
ya mkewe, si yake.