Tapi ya Kasereka

Limefika kwa chukudu kutoka Birere,
limekunjwa kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali,
kamba tumboni, na jina letu ubavuni
kwa wino uliokwisha kuvuja.
Mimi nasema zulia. Mama anasema tapi.
Tapi ya Kasereka.

Tulilikunjua juu ya saruji
iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano
yaliyomwagika juu ya sebule yetu ya kwanza,
ile iliyobaki chini na kabati lake na sahani zake.
Zulia rangi ya chai ya maziwa. Zuri.
Ila kwenye pembe moja, doa jeupe,
kingo zake zinapinda na kurudi
kama ziwa kwenye ramani ya shule.

Jirani akasema ukungu. Mpwa wangu akasema chokaa.
Mama alilowesha kidole, akagusa, akaonja.
"Chumvi," alisema.
Akaonja tena.
"Lakini si ya kupikia."

Nikampigia. Kwetu jioni, kwake asubuhi,
nyuma yake kitu kikikwangua kioo cha gari.
Alicheka. Huku Winipegi, alisema,
maji yanalala barabarani yakaamka mawe,
basi wanazimwagia njia chumvi kama samaki
ili zisituvunje nyonga,
na sisi tunarudi nayo kwenye soli.
Hilo doa ndipo mlango wangu ulipokuwa.
Hapo ndipo nilisimama kuvua buti
kila usiku, miezi mitano ya kila mwaka,
kabla sijawasha taa.

Mama akanyang'anya simu: "Umekula?"
Naye: Msianze na maji. Pigeni brashi kwanza, kavu,
punje zitoke. Halafu siki na maji ya vuguvugu,
nusu kwa nusu. Kitambaa cheupe.
Gandamizeni, msisugue,
ukisugua unaizika.
"Nimeuliza kama umekula."
Na chumba kipya, alisema, ni kidogo,
hakina nafasi ya tapi.

Sisi weusi tunaujua.
Vumbi la mlima kwenye kola, kwenye ugali,
kwenye mikunjo ya shuka la mgeni;
mawe yanayotafuna kiatu kipya kwa mwezi mmoja.
Tunaufua huku tunaongea mengine.
Weupe huu hatukuwa na mkono wake.

Bidoni mbili za maji kutoka Kituku.
Chupa tatu za siki, muuza duka akauliza kama kuna harusi.
Tukagandamiza. Tukakamua. Nyumba ikanuka kachumbari.
Jioni zulia safi, mama akaimba kidogo, akaacha.

Asubuhi doa limerudi,
jembamba, kama mtu aliyesahau ufunguo.

Tukarudia. Likarudi.
Kumbe inakaa chini kwenye mizizi ya nyuzi,
na kila unapokausha juu
inapanda na unyevu, taratibu, haina haraka,
imezoea kungoja.
Mara ya tatu nilisugua. Nakiri.
Nilisugua kwa hasira, kwa magoti,
nikimsema kwa jina lake lote,
Kasereka, miaka tisa,
hata tapi unaituma ikiwa imevaa viatu.

Mama alichukua beseni, akalimwaga nje.
Maji hayakutuama. Goma maji hayatuami,
yanaingia kati ya mawe kama yameitwa.
Akasimama akiyatazama yalipopotelea
hadi nikadhani ameangusha kitu.

Mara ya nne ilikuwa zamu yake. Hakuchukua siki.
Aliniambia nishike upande ule,
tukalizungusha zulia zima, kabati likahama, viti vikahama,
mpaka ile pembe ikafika mlangoni kwetu.

Limebaki jeupe kidogo, ukilijua.
Wageni wanavua viatu hapo bila kuambiwa.
Na usiku, kabla ya kufunga komeo,
mama anapapasa ukutani,
anawasha taa.